Nafasi Moja Kwenye Benchi la Alama

Kila asubuhi, kabla ya chai, Shangazi Magdalene alikuwa anatazama mtu mmoja akiteleza kwenye barafu. Mmoja tu. Anaweka maji jikoni, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anazima sauti, halafu anaimba mwenyewe wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini badala ya ule muziki wao. Mguu wake mmoja unanyanyuka kidogo nyuma bila yeye kujua, kama wa mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Maji yakichemka, simu inazimwa, hata kama msichana wa watu yuko hewani.

"Atatua tu," anasema. "Mimi nachelewa kazini."

Mimi nilikuwa nakaa mezani na mkate wangu, namtazama yeye. Kwa hiyo pale jikoni kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake wa kutazama, ila wa kwangu hakuwa anajua.

Tulikuwa tunakaa Hjulsta, ghorofa ya juu, mwisho wa treni ya bluu. Shangazi ni dada wa baba yangu. Yeye alitangulia kuja Sweden kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi nikamfuata nikiwa na miaka kumi na minne, shule nikiwa nimeigusagusa tu. Hana mtoto. Nilipofika alinikumbatia pale uwanja wa ndege mpaka kofia yangu ikaanguka, akasema, "Sasa nyumba yangu ina mtu." Nilivaa kofia yangu na nikayaweka hayo maneno. Nilidhani huyo mtu ni mmoja, mimi.

Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao, huku Tensta na mpaka Spånga. Anawaogesha, anawapa dawa, anawapashia chakula. Mchezo wa barafu ulimwingilia huko kazini. Kulikuwa na bibi mmoja Mswidi, anaitwa Gun, alikuwa hataki kula. Ukimpelekea kijiko anafunga mdomo na kutazama ukutani. Siku moja televisheni ikawa inaonyesha mashindano, msichana akaruka, bibi akafungua mdomo kwa mshangao, Shangazi akaingiza kijiko. Kuanzia hapo supu na barafu vikawa vinakwenda pamoja. Bibi Gun ndiye aliyemfundisha majina ya miruko, huku supu inamchuruzika kidevuni. Upo mmoja unaitwa akseli. Mingine yote mtu anaruka akiwa anarudi kinyumenyume. Huo peke yake anaruka akitazama mbele, na kwa hiyo unazidi mingine kwa nusu mzunguko. Shangazi aliupenda kuliko yote.

"Angalau huyu anaona anakokwenda kuanguka," alikuwa anasema.

Bibi Gun alipofariki, Shangazi alirudi nyumbani, akaweka maji, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Ndivyo ilivyoanza.

Wachezaji hakuwaita kwa majina yao. Alikuwa na Shingo, ambaye shingo yake ilianza mbali sana chini. Alikuwa na Mke wa Mchungaji, asiyecheka mpaka muziki uishe. Alikuwa na Hasira, ambaye alikanyaga barafu kama wamegombana. Aliwasema kama watu wa mtaani kwetu.

"Huyu anaruka vizuri," aliniambia siku moja, "lakini kati ya mruko na mruko hayupo. Amekwenda sokoni. Anarudi mruko ukifika."

"Nitamjuaje aliyepo?"

"Vidole. Tazama vidole. Vinamaliza wimbo, au ameviacha vinaning'inia tu?"

Kuhusu kuanguka alikuwa na lake pia. Hakuwaamini wasioanguka kabisa. Alitaka mtu aanguke, ainuke, na aingie tena kwenye muziki kama mtu aliyechelewa ibada, bila kusumbua waliokaa. Na wale watoto wadogo wanaozunguka hewani mara nne, halafu mwaka unaofuata huwaoni tena, walimtia huzuni. "Wanawachuma wabichi," alisema. Shingo akishindwa na Mke wa Mchungaji, siku hiyo ndani hakukaliki. Alikuwa na wivu kwa niaba yao, ule wa kununa kabisa, wa kugonga vikombe.

Lakini kitu alichokisubiri zaidi hakikuwa kwenye barafu. Kilikuwa benchi. Mchezaji akitoka anakaa kwenye benchi na kocha wake, na mara nyingine na mtu mmoja wa kwake, wanasubiri alama za majaji huku kamera inawatazama usoni. Siku maji yakichelewa kuchemka, Shangazi anafika mpaka kwenye benchi, na siku hiyo anakwenda kazini anaimba.

"Kule ndani yuko peke yake," alikuwa anasema. "Hapa ndipo unajua ana nani."

Mimi nilikuwa nawaonea wivu hata hao wa kwenye simu. Nilikuwa nikikaa pale nimemaliza mtihani wangu wa Kiswidi, nimeshinda, namsubiri aniulize. Ananiuliza kama nimeona mgongo wa Shingo. Lakini huo ulikuwa wivu wa mbali, kama kumwonea wivu mtu wa ghorofa nyingine kwa sababu ya mapazia yake. Wivu wa karibu ulikuja na Tiana.

Ilikuwa kanisani, Tensta, baada ya ibada, watu wanakunywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Mama yake Tiana anaitwa Clare, ni Mganda, anaendesha basi. Alikuwa analalamika kwa yeyote aliyesimama karibu.

"Watoto wa wenzangu wanataka mpira. Wangu anataka barafu. Mazoezi ni asubuhi na mapema, mimi niko kwenye basi. Sasa nani atampeleka?"

"Mimi," Shangazi alisema.

"Dada Magdalene, hata siku hujazisikia."

"Zote."

"Na kazi yako je?"

"Naomba zamu ya mchana. Mama Tiana, kunywa chai yako inapoa."

Nilimwangalia. Kwa mkutano wa wazazi shuleni kwangu, wiki iliyotangulia tu, alikuwa ameniambia zamu hazibadilishiki.

Tiana alikuwa na miaka kumi na mbili, amezaliwa hapahapa, mwembamba, mwenye magoti yanayotangulia. Kiswahili alikielewa chote ila alijibu kwa Kiswidi. Shangazi anamwambia, "Kula, mama," yeye anajibu kwa Kiswidi kwamba ameshiba, na wanaelewana vizuri kuliko mimi na Shangazi tuliokuwa na lugha moja. Siku za mazoezi alilala kwetu ili wawahi basi. Akalala kwenye chumba changu. Kiti changu cha mezani, kile cha karibu na jiko, kikawa chake, kwa sababu misuli yake haitakiwi kupata baridi. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Ya kwangu ilikuwa misuli ya kawaida.

Mara nyingi nilikwenda nao, maana kubaki peke yangu kulikuwa kubaya zaidi. Pale chumba cha kubadilisha nguo Shangazi anapiga magoti, anaweka mguu wa Tiana kwenye paja lake, anafunga kamba za vile viatu vya barafu. Si kazi ndogo. Chini unalegeza, kwenye kifundo unakaza mpaka vidole vyako vinauma, juu unalegeza tena ili goti likunje. Alikuwa anapuliza vidole vyake kati ya tundu na tundu. Mimi majira yangu ya kwanza ya baridi niliposhindwa kufunga mabuti, alinionyesha mara moja akasema, "Wewe mkubwa." Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na minne, miwili tu zaidi ya aliyokuwa nayo Tiana sasa.

Halafu wazazi wanapanda juu, nyuma ya kioo, hawaruhusiwi kukaa karibu na barafu. Shangazi anabandika paji la uso kwenye kioo. Mimi nilikuwa naangalia ule mduara wa mvuke unaobaki kwenye kioo akijitoa.

Kitu kilichonikasirisha ni kwamba Tiana hakuwa mbaya. Ningependa awe mbaya. Jumapili moja ukumbi ulifunguliwa kwa watu wote, nikaazima viatu nikaingia. Nilitaka Shangazi anione. Nilishika ukuta, nikauacha, nikakaa chini kwa nguvu hata meno yakagongana.

"Alliance," Shangazi aliita kutoka juu, anacheka, hana ubaya, "toka mwanangu, utavunjika bure."

Tiana ndiye aliyekuja. Alinipa mikono yote miwili akaanza kurudi kinyumenyume, ananivuta polepole, ananiambia kwa Kiswidi nitazame uso wake, nisitazame miguu. Tulizunguka ukumbi mzima hivyo. Sikuanguka. Nilipoinua macho nimwone Shangazi, alikuwa anatutazama, lakini alikuwa anatazama miguu ya Tiana.

"Umeona anavyorudi nyuma?" aliniambia kwenye basi. "Na mzigo mikononi. Hata hatetereki."

Mzigo ni mimi.

Msimu wa pili Tiana akaupata mruko wa akseli. Siku ya kwanza alipotua, Shangazi alipiga kigelegele nyuma ya kioo mpaka baba mmoja Mswidi akamwaga kahawa. Klabu ikamwandikisha mashindano ya watoto, upande wa kusini, huko karibu na Tumba. Clare alikuwa na zamu siku hiyo. Kocha, Annika, akasema kwenye benchi la alama kutakuwa na nafasi ya mtu mmoja wa familia, nani atakaa? Tiana akanyoosha kidole kwa Shangazi. Sikuwepo. Nilihadithiwa, tena mara nyingi.

Wiki ile nzima nyumbani kwetu tulifanya mazoezi ya kukaa.

"Njoo, Alliance. Kaa hapa kwenye kochi. Wewe ni Tiana."

Nilikaa.

"Mbona unakaa kama umekwenda kupimwa damu? Umetoka kuteleza. Hema."

Nikahema.

"Sasa kocha yuko huko, mimi niko hapa. Mkono nauweka kwenye goti, hivi. Siweki mapema. Naweka wakitaja jina. Halafu natazama juu kwenye alama. Wewe sikutazami, nikikutazama utalia."

Mkono wake ulikuwa wa moto. Ulikuwa haujawahi kukaa kwangu muda mrefu namna ile, na ulikuwa umemshika mtu mwingine.

"Alama zikiwa mbaya?" niliuliza.

"Mkono hautoki. Zikiwa mbaya ndiyo hautoki kabisa."

"Na zikiwa nzuri?"

"Hapo ndipo watu wanajisahau, wanauondoa wapige makofi. Nimewaona wengi. Mtoto anabaki na goti lake. Mimi siondoi."

Clare alikuja kuleta gauni la Tiana akatukuta hivyo, mimi nahema kwenye kochi. Alicheka akashika mlango.

"Dada Magdalene, unakwenda kukaa au unakwenda kuolewa?"

"Wewe endesha basi lako," Shangazi alisema, mkono bado uko kwenye goti langu.

Asubuhi ya mashindano hakutazama mtu kwenye simu. Alisema leo wa kwake yuko chumbani. Alivaa koti lake la Krismasi, lile ambalo siku nyingine haligusi. Mimi nilikuwa nabeba begi, na nilipoweka chupa ya chai nikaona bluu chini yake.

Kilikuwa kitenge, na nilikuja nacho mimi. Ni cha Bibi, mama yake Shangazi, cha bluu chenye ndege wa njano. Kwetu mtu akimaliza shule, au bibi harusi akitoka, wanawake wanatandika vitenge chini, kimoja mbele ya kingine, anatembea juu yake mpaka mlangoni, hagusi udongo. Bibi alinipa kambini, nikakivusha kwenye begi langu, nikamkabidhi Shangazi. Akakinusa, akalia kidogo, akasema, "Hiki tutakitandika siku mtu wa nyumba hii akifanya jambo." Mwezi wa sita uliokuwa unakuja nilikuwa namaliza darasa la Kiswidi niingie shule yenyewe, ya kawaida. Nilikuwa nimeshapanga hata nitavaa nini. Nilikuwa nimepima kwa macho, kutoka lifti mpaka mlango wetu, kitenge kimoja kinatosha.

"Shangazi, hicho ni cha nini?"

"Baridi," alisema. Hakunitazama. "Kule ukumbini kuna baridi."

Nilifunga zipu.

Tulikwenda kwa treni, tukabadilisha katikati ya mji, tukakaa kuelekea kusini. Tiana alilaza kichwa kwenye koti la Krismasi akalala mdomo wazi. Shangazi hakusogea njia nzima. Mimi nilikaa mbele yao na begi mapajani, namwomba Mungu ombi ambalo siwezi kuliandika vizuri. Sikuomba aumie. Niliomba tu asiwe chochote. Ateleze kama watu wengine, apate alama za katikati, turudi nyumbani na kitenge kwenye begi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina mama wenye chupa za kahawa, wasichana wenye nywele zimebanwa mpaka nyusi zimepanda. Watoto wadogo wamepangwa kando na vikapu, kazi yao kuokota maua na midoli inayotupwa. Niliona kwamba kila ua lilikuwa limefungwa kwenye nailoni. Annika alikuwa amesimama kwenye geti dogo la kuingilia barafu. Kutoka hapo mpaka kwenye benchi la alama palikuwa pametandikwa zulia la mpira mweusi, mnene, ule wa kushika chuma cha viatu ili mtoto akitoka asiteleze. Wakitoka, kocha anawapa vifuniko vya plastiki, wanavivalisha vile visu vya chini ya viatu, ndipo wanakwenda kukaa. Sisi tulikaa safu ya kwanza, karibu na geti, kwa sababu Shangazi alikuwa mtu wa benchi.

Wakamtaja Tiana. Akaingia.

Nitasema nilichoona. Nilitazama vidole, kama nilivyofundishwa, nikitafuta kosa. Vilikuwa vinamaliza wimbo. Kila mara nilipodhani sasa ataviacha, vilikuwa bado vinakwenda, mpaka kucha. Kati ya mruko na mruko alikuwepo. Hakwenda sokoni hata mara moja. Nikasikia karibu yangu Shangazi ameanza kuimba wimbo wake wa asubuhi juu ya vinanda vyao, na mguu wake mmoja umenyanyuka. Halafu Tiana akageuka akatazama mbele, akaruka. Pale juu nilimtaka aanguke. Lilikuwa jambo fupi, kama kupepesa. Akatua kwa mguu mmoja, kimya, mkono umefunguka upande kama mtu anayekukaribisha ndani.

Shangazi hakupiga kigelegele. Alishika mkono wangu akauminya, akauachia, akafungua begi.

Muziki ulipokwisha watu walikuwa wanapiga makofi, midoli inaanguka, Tiana anainama huku na huku. Nilimwona Shangazi amefika getini na kitenge cha Bibi. Alikitandika vizuri, kwa adabu, anakinyoosha pembe kwa viganja kama kitanda cha mgeni. Hakukigusisha barafu; alijua barafu haiguswi. Alikitandika juu ya ule mpira, kutoka getini kuelekea kwenye benchi, ndege wote wametazama juu. Annika alikuwa amegeuka kuchukua vifuniko. Shangazi alisimama kando, mikono kifuani. Sasa ndipo kigelegele kikatoka.

Kwenye simu hawaonyeshi geti. Wanaonyesha mtu anainama, halafu wanaonyesha mtu amekaa. Na pale kwetu kwenye mazoezi wazazi wako juu, nyuma ya kioo. Kila kitu Shangazi alikijua isipokuwa hatua ile moja ya kutoka.

Tiana alikuja kasi, anacheka, anamtazama yeye. Akaweka mguu nje ya geti kama anavyouweka siku zote, kwa kuuamini ule mpira. Chuma kikatoboa kitenge, kitenge kikateleza juu ya mpira, na Tiana akaenda mbele mzimamzima. Kidevu kikapiga sakafuni. Ulisikika mlio mdogo tu, halafu makofi yakawa yanapungua upande wetu kwanza, kisha upande wa pili.

Wasichana waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wamesimama palepale. Mmoja aliziba mdomo. Mwingine hakuziba.

Shangazi alikuwa ameshapiga magoti. "Mwanangu. Tulia, mama. Haihesabiwi," alikuwa anasema, haraka haraka, anamfuta damu kwa pindo la kitenge. "Muziki ulikuwa umekwisha. Kuanguka baada ya muziki hakuhesabiwi. Alama ni zilezile, sikiliza, hawakati kitu..."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyekata kitu.

Tiana aliinuka akakaa palepale chini. Kidevu kilikuwa kimepasuka kidogo, damu ilikuwa imeingia kwenye lile gauni jeupe. Aliwatazama wale wasichana, akakitazama kitenge, halafu akamtazama Shangazi. Kisha akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza namsikia, na alikisema vizuri tu, kama mtu aliyekuwa nacho muda wote mfukoni.

"Anti, usikae na mimi."

"Tiana..."

"Usikae na mimi."

Annika alisema kwa upole kwamba benchi linasubiri, majaji wanamaliza, kama kuna mtu wa kukaa akae sasa. Tiana alinitazama mimi. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti changu na begi mapajani.

"Alliance," alisema. "Njoo wewe."

Nilikwenda. Sikuvuta hata hatua. Nilimpita Shangazi akiwa bado chini anavuta kitenge kutoka kwenye viatu vya Tiana, nikatembea kwenye ule mpira mtupu mpaka kwenye benchi, nikakaa. Annika huko, Tiana katikati, mimi huku. Kamera ndogo ya klabu ilikuwa mbele yetu. Benchi lilikuwa la kawaida, limefunikwa kitambaa cha bluu kwa pini. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yalikuwa moto. Alichonyimwa mwingine, nilikuwa nimepewa mimi.

Halafu nikamwona Shangazi. Alikuwa amesimama nyuma ya kamera, kitenge amekikunja kwapani, tundu limetokea katikati ya ndege mmoja. Alikuwa ananitazama. Si Tiana; mimi. Alitazama goti langu lilivyogusana na goti la Tiana. Nilikuwa nimeishi naye miaka mitatu natafuta anitazame hivyo, kwa macho yote mawili, bila mtu mwingine ndani. Na yale macho niliyajua. Ni yangu. Ndiyo niliyokuwa nayo kila asubuhi mezani, na mkate wangu.

Wakataja jina la Tiana.

"Mkono," Shangazi alisema.

Sikuelewa.

"Mkono, Alliance. Weka mkono."

Nikauweka kwenye goti la Tiana. Lilikuwa baridi. Tiana akaegemea upande wangu.

"Naleta chai," Shangazi alisema, si kwa yeyote, akageuka.

Nilitazama juu kwenye alama kama tulivyofanya kwenye kochi. Zilichelewa. Zilipotokea zilikuwa nzuri, nzuri sana. Annika alipiga kelele, watu wakapiga makofi, na Tiana akaanza kulia kwa ule upande wa mdomo usiouma. Nikageuka nimwonyeshe Shangazi. Kule mwisho wa ukumbi kuna milango ya kioo, na nje ya kioo nililiona lile koti la Krismasi linavuka maegesho ya magari kuelekea kituoni. Alikuwa amejifunika kitenge mabegani juu ya koti. Alitembea kawaida, si haraka, kama anayewahi zamu. Hakugeuka.

Nilitaka kuinuka. Lakini mkono ulikuwa kwenye goti, na nilikuwa nimeambiwa hautoki.

"Anti yuko wapi?" Tiana aliuliza.

"Amekwenda kuleta chai," nilisema.

Chupa ya chai ilikuwa palepale kwenye kiti chetu, safu ya kwanza, karibu na begi lililo wazi. Wote wawili tulikuwa tunaiona.